Naomba ushauri: notsi zote ziko kwenye simu, na simu hainiachi nisome

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dodoma. Kila mtu ananiambia nizime simu nisome, ila hasemi notsi nitazipata wapi. Slaidi zinakuja PDF kwenye grupu la WhatsApp, CR (kiongozi wa darasa) anatangaza humohumo kwamba testi imesogezwa, na laptopu sina. Nafungua takwimu, juu ya kioo inashuka meseji: "Jamani kipindi kipo?" Majibu yanamiminika, nikija kushtuka niko TikTok na fomula ya mkengeuko sanifu imeyeyuka.

Kuprinti zote ni hela, na boom lenyewe (hela ya kujikimu ya mkopo) mnalijua.

Nimesoma kuhusu utafiti wa Mueller na Oppenheimer wa 2014: walioandika kwa mkono walifanya vizuri zaidi maswali ya kuelewa kuliko waliotumia laptopu. Waliourudia baadaye hawakupata tofauti kubwa hivyo, lakini kwangu kalamu inasaidia. Shida mhadhiri anakimbiza slaidi.

Mnaotegemea simu pekee, mnalinyamazishaje grupu bila kupitwa na tangazo la testi? Na kuna anayenakili slaidi daftarini jioni akaweza kumaliza kozi zote?