Kikundi cha familia: Watoto wa Hajati, Bombo

[19:04] Zuhura: Asalaam aleikum ndugu zangu. Leo asubuhi Mama amekaa mbele ya sigiri karibu nusu saa. Maji yanachemka, majani ya chai anayo mkononi, hajui kinachofuata. Mama huyu aliyeuza chai na mandazi sokoni miaka yote!

[19:06] Rajabu: Waleikum salaam dada. Pole. Si uzee tu? Ana miaka 71.

[19:07] Zuhura: Kabla ya kiharusi alikuwa anakumbuka deni la kila mteja bila daftari. Uzee gani huo unaoingia kwa siku moja?

[19:11] Baba Mdogo Idi: Wanangu, majirani wanasema kuna mkono wa mtu. Shemeji yangu atafutiwe shehe amsomee.

[19:16] Salima: Baba Mdogo, asomewe, dua sipingi hata kidogo. Naomba tu tusimtafute mchawi. Kiharusi ni mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu ikafa. Mkono wake uliporudi tulifurahi, tukadhani yamekwisha.

[19:18] Rajabu: Ndiyo Alzheimer?

[19:23] Salima: Si lazima, kaka. Alzheimer ni aina moja tu ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa kumbukumbu na akili. Dimenshia inayotokana na mishipa ya damu mara nyingi huanza kwa namna yake: mtu anakuwa mzito kufikiri, anashindwa kupanga hatua za kazi aliyoizoea, huku mambo ya zamani akiyasimulia vizuri. Nilivyosikia habari ya chai nikashtuka. Huko Kanada, jimbo la Ontario, walifuatilia watu zaidi ya 180,000 waliopona kiharusi. Mwaka wa kwanza hatari ya dimenshia ilikaribia mara 3 ya watu wasiopata kiharusi. Ikashuka pole pole, lakini hata baada ya miaka 20 ilikuwa bado juu. Mama ana miezi 7 tu tangu kiharusi.

[19:24] Zuhura: Umenitia hofu.

[19:27] Salima: Si wote dada. Baada ya kiharusi cha kwanza ni kama mtu 1 kati ya 10. Kikirudi cha pili, inazidi 1 kati ya 3. Kwa hiyo kazi yetu ni kisirudi. Dawa za presha anameza?

[19:34] Zuhura: Zilikwisha mwezi uliopita. Kituoni tukaambiwa hakuna. Yeye akasema anajisikia mzima, nikanyamaza.

[19:35] Salima: Presha haiumi, ndiyo ubaya wake. Usijilaumu peke yako. Mimi ni nesi na sikupiga simu kuuliza.

[19:37] Rajabu: Natuma laki moja sasa hivi. Jumamosi nakuja na gari, tumpeleke hospitali ya Mulago, Kampala.

[19:41] Salima: Asante kaka. Kesho apimwe presha kwanza, dawa inunuliwe kwa kuonyesha kasha la zamani, tusibahatishe. Jumamosi waulizeni na sukari, na usingizi, na huzuni. Huzuni baada ya kiharusi ni jambo la kawaida, inavuruga akili ya mtu, na inatibika.

[19:43] Zuhura: Analia alfajiri. Nilidhani ni dua.

[19:44] Salima: Mwambieni daktari hivyo hivyo.

[19:45] Salima: Na uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikorogeka, au akichanganyikiwa ghafla, msisubiri Jumamosi. Hata usiku wa manane, hospitali.

[19:50] Baba Mdogo Idi: Nimeelewa mwanangu. Hao majirani nitaongea nao mimi. Rajabu, garini nitakaa naye nyuma. Majina ya wengine anachanganya, langu bado hajalikosea.

[19:52] Rajabu: Sawa Baba Mdogo. Saa kumi na mbili asubuhi.

[19:58] Zuhura: Kasha nimelipata chini ya godoro. Limeandikwa amlodipini, miligramu 5. Natuma picha.