Ati "hii mashine si ya watu wa soko"? Fundi wa ngazi za chuma, leo umenipata!

MamaNjugu_Kisumu

Wanajukwaa, mikono inanitetemeka. Nimetoka mjini sasa hivi, hata viatu sijavua. Mnamjua nyote. Yule fundi wa kompyuta, wa duka la juu ya zile ngazi za chuma, miwani juu ya kichwa mchana na usiku, kijiti cha meno mdomoni hata kama hajala tangu juzi. Huyo huyo. Leo ameniambia mbele ya watu saba, "Mama, hii mashine si ya watu wa soko."

Si ya watu wa soko! Na zile pesa alizohesabu wiki jana zilitoka wapi? Zilikuwa zinanuka njugu za soko la Kibuye na hakuziosha!

Mimi nasaga siagi ya njugu. Duka moja la Milimani limekubali kunichukulia chupa 120, lakini kila chupa iwe na stika ya tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuharibika, na ile mistari inayopigwa tii kwenye kaunta. Namba ninayo, inaanza na 616 kama inavyotakiwa kwa waliosajiliwa Kenya. Kilichobaki ni kuchapisha tu. Nikanunua printa ya stika kwake, zile ndogo zisizotumia wino, zinazochoma karatasi kwa joto. Roli tano za stika, kwake. Nikaongeza 2,000 aniwekee draiva kwenye laptopu, ile programu ya kuifanya izungumze na printa. Elfu mbili! Alibofya mara sita, nilihesabu.

Nafika nyumbani, nabonyeza. Kimya. Naangalia foleni ya kuchapa, kazi 14 zimejipanga kama watu wa Kondele wanaongoja matatu jioni ya mvua. Nazima, nawasha. Nachomoa waya, nachomeka. Taa ya kijani inanitazama tu. Siku tatu! Nimebonyeza hadi kidole kimefutika alama, uchaguzi ujao ile mashine itanikataa.

Leo nikapakia vyote kwenye boda, laptopu, printa na roli, jua la saa saba likinipasua utosi. Nimefika, watu wamejaa. Sijamaliza hata kueleza. Akakihamisha kile kijiti kutoka kona ya kulia ya mdomo hadi ya kushoto, polepole, akaitazama leso yangu, akaitazama printa, ndipo akalitoa hilo neno. Na mwanamke mmoja tunayesali naye alikuwa hapo anangoja picha za pasipoti. Alicheka! Aliziba mdomo lakini mabega yalimsaliti.

Sasa sikilizeni. Mpwa wangu wa kidato cha tatu ameifungua laptopu, dakika mbili tu. Anasema draiva ipo, lakini poti iliyochaguliwa ni LPT1. LPT1 ni ya ile tundu pana ya printa za zamani, na laptopu yangu haina! Waya wangu ni wa USB. Ametuma stika zangu mahali pasipokuwepo, halafu mimi ndiye sijui mashine! Mpwa akabadilisha ikawa USB001, printa ikanguruma, nikapiga vigelegele jirani akatoka nje. Zikatoka stika tano kwa mpigo. Tupu. Nyeupe kama sanda. Nikaitisha moja, zikaja tano tena, tupu.

Chupa zinatakiwa Ijumaa. Anayejua aniambie. Na anayepanda zile ngazi kesho amwambie ni watu wa soko walioweka hela za hizo ngazi.

omera_nyalenda

Mama, elfu mbili za draiva? Hiyo inapakuliwa bure kwenye tovuti ya waliotengeneza printa. Ungenipa mimi mia tano na chupa moja.

KijanaKondele

"Mabega yalimsaliti" hahahahaha. Nimesoma hii ndani ya matatu watu wananiangalia.

Bahati_Nakuru

Huyo wenu simjui lakini hapa Nakuru tuna pacha wake. Wangu alichomeka waya kabla ya kuweka draiva, kompyuta ikaiweka printa kwa vifaa visivyojulikana. Kumwambia aiondoe aanze upya, draiva kwanza ndipo waya, akaniuliza nimesomea wapi. Nimesomea kwa kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi, ndugu yangu! Kiko na picha!

SaibaMaseno

Mama, pole. Usiite mtu bado, mambo ni mawili.

Hizo tano kwa mpigo ni saizi ya karatasi. Bila shaka aliacha milimita 100 kwa 150, ile ya paseli. Stika ya chupa ni ndogo, nadhani yako ni 50 kwa 30. Ingia kwenye mipangilio ya draiva uweke saizi yako, kisha shikilia kitufe cha kusukuma karatasi hadi printa ijipimie pengo kati ya stika na stika.

Huo weupe sasa. Chukua stika moja, ikwaruze kwa ukucha, kwa nguvu, pande zote mbili. Karatasi ya joto huacha mstari mweusi. Ukiuona upande wa ndani, basi roli imegeuzwa. Usipouona popote, umeuziwa roli ya printa za riboni, ule utepe wenye wino, na yako haina riboni. Hapo hata ukibadilisha draiva mara mia haitaandika kitu.

MamaNjugu_Kisumu

Nimekwaruza kwa ukucha. Hakuna kitu. Nimekwaruza kwa ukingo wa mfuniko wa chupa. Hakuna. Roli zote tano. Hakuna! Risiti ya yule mwenye duka la simu hapa chini nimeikwaruza, mstari mweusi tii!

Kwa hivyo mtu ameniuzia mashine na karatasi zisizojuana, siku moja, risiti moja, kwa mkono wake! Na nilipomrudishia hakuigusa hata printa! Alinyoosha kijiti tu! "Si ya watu wa soko!" Karatasi ndiyo haikuwa ya mashine, baba, si mimi!

omera_nyalenda

Mama, sema ukweli. Alianza kutazama leso ama printa?

MamaNjugu_Kisumu

Leso.

omera_nyalenda

Basi huyo hana dawa.

Mwalimu_Mstaafu

Naomba kusahihisha. Si "ile tundu pana", ni "lile tundu pana". Ngeli ya LI-YA.

KijanaKondele

Mwalimu, mtu ana chupa 120 na Ijumaa inakuja, wewe umeshika tundu.

Mwalimu_Mstaafu

Lugha haingoji Ijumaa.

Bahati_Nakuru

Na nyinyi mnalalamikia mafundi, kuna watu wa paseli hamjawataja. Mnawajua. Nimechapisha stika yangu safi, mistari imekolea, jina la mteja kubwa kama la duka, "KISUMU". Mzigo ukashukia Kakamega! Kupiga simu naambiwa stika haikusomeka. Siku ya pili wakaniambia walikuwa wameweka mzigo kwenye jua dirishani, karatasi yote ikawa nyeusi. Karatasi ya joto unaianika kama omena?

WaKakamega

Sisi mizigo yetu hushukia Kisumu kila wiki na hatujafungua uzi.

Bahati_Nakuru

Fungueni!

WaKakamega

Wiki jana vifaranga. Vifaranga mia, waliozaliwa jana yake, wamelala Kisumu stendi. Mnataka nianzie wapi?

omera_nyalenda

Vifaranga wa kienyeji ama wa kisasa?

WaKakamega

Wa kienyeji walioboreshwa. Wangekuwa broila nisingelia hivi.

SaibaMaseno

Mama Njugu, roli za joto ninazo mbili hapa, za 50 kwa 30. Tuma mpwa na boda kabla ya saa kumi na mbili.

MamaNjugu_Kisumu

Anatoka sasa hivi. Mungu akubariki. Amebeba na chupa moja yako.

KijanaKondele

Na sisi tuliocheka hatupati?

Mama_Watatu

Hiyo siagi unaweka sukari? Ile ya kwetu niliyonunua juzi ni sukari tupu, watoto wanailamba kama peremende.

omera_nyalenda

Siagi ya njugu haiwekwi sukari. Chumvi kidogo, basi.

Mama_Watatu

Nani kakwambia? Hata chumvi haiwekwi.

WaKakamega

Nyinyi wa chumvi ndio mmeharibu hii nchi. Na vifaranga wangu je?