Kigoma: nimelipia oili sili mbili za propela, kumbe msumari wangu haujaguswa!

Wakuu, salamu baadaye. Naandika hapa mikono imejaa oili na roho imejaa moto.

Mashine yangu ya boti ni Yamaha 40, tunavulia dagaa kutoka Kibirizi. Mwezi uliopita, mbalamwezi ilipoanza na boti zikapumzika, nikafungua skrubu ya chini ya giaboksi kuangalia oili. Ikatoka chai ya maziwa. Mwenye mashine anajua maana yake: maji yameingia, na wa kwanza kushukiwa ni sili za shafti ya propela, zile pete za mpira zinazozuia maji yasiingie kwenye giaboksi. Huku kwetu sababu haitafutwi mbali. Vipande vya nyavu na nailoni vimejaa majini, kimoja kikijiviringisha nyuma ya propela kinajikaza mpaka kinakata ule mdomo wa mpira.

Nikapeleka kwa fundi mmoja mjini (simtaji, sitaki kesi). Sili mbili, oili na ufundi, 185,000. Nikalipa yote, mjinga mimi. Kesho yake mashine tayari, imeoshwa mpaka inang'aa, na nikakabidhiwa sili mbili kuukuu zimefungwa kwenye gazeti. "Bosi, ona zilivyokwisha." Na soda nikamnunulia!

Giza likarudi, tukaingia ziwani. Baada ya usiku wa tano nikalegeza ile skrubu. Yakatangulia maji matupu, maana maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini. Halafu ikafuata chai ileile.

Sasa sikilizeni. Miezi kadhaa nyuma splitipini ya nati ya propela, ile pini inayozuia nati isifunguke, ilinikatikia tukiwa majini, nikachomeka msumari na kuukunja kwa koleo, ncha imepinda kama mkia wa nge. Nainama kufungua propela, nakutana na nani? Msumari wangu! Uleule, na kutu yake, na mkunjo wangu. Usipoutoa huo nati haizunguki, nati isipotoka propela haichomoki, na propela ikiwa pale sili unazifikiaje, kwa maombi? Jamaa alimwaga oili chafu akatia mpya, basi. Zile sili za kwenye gazeti nimezijaribu kwenye shafti, zinacheza kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto.

Kazi kaifanya mzee mmoja wa hapahapa Kibirizi, mbele ya macho yangu. Nyuma ya washa tukakuta nailoni imejisokota hadi imekuwa ngumu kama pete. Nyumba ya beringi, ambamo sili zinakaa, akaivuta kwa pula (kifaa cha kuvutia), si kwa nyundo na tindo, akatoa sili zote mbili, kisha akapitisha ukucha kwenye shafti kutafuta mfereji, kwa sababu shafti iliyolika huvujisha hata sili mpya. Mpya akazisukuma taratibu kwa kipande cha bomba, midomo akaipaka grisi, oringi (pete nyembamba ya mpira) nayo akabadilisha. Kabla ya oili akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, mguu wa mashine ukiwa ndani ya pipa la maji. Hakuna povu hata moja. Ndipo akajaza oili kutokea tundu la chini mpaka ikamwagika tundu la juu, hewa isibaki ndani.

Beringi moja ilishapata kutu, nimenunua nyingine. Usiku sita wa giza umepita niko nchi kavu, vijana wanne wananidai. Sisi tuliokaa miezi 3 Ziwa Tanganyika limefungwa tusivue mwaka 2024 tunajua usiku mmoja una thamani gani.

Nikampigia fundi wa mjini. "Sili za siku hizi feki bosi, lete niangalie." Feki ipi wakati hukufungua? Nilipotaja msumari akakata simu, mpaka sasa hapokei.

Risiti sina. Msumari ninao, na zile sili za gazetini ninazo. Aliyewahi kudai hela yake kwa fundi kupitia serikali ya mtaa aniambie alianzia wapi, Jumatatu nashuka mjini.