Siku 18: tubaki Australia pekee, au tuvuke hadi New Zealand?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi Oktoba ninatarajia kusafiri na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, kwa likizo ya siku 18 ambayo tumeiwekea akiba kwa miaka minne. Kutoka nyumbani hadi Sydney tutatumia zaidi ya siku nzima, tukibadili ndege mara mbili. Kwa kuwa tutakuwa tumekwisha kufika mbali kiasi hicho, nimeanza kufikiria kuvuka hadi New Zealand, maana ndege kutoka Sydney hadi Auckland huchukua saa tatu hivi, na huenda tusipate tena nafasi ya kufika upande ule wa dunia. Mpango wangu ni siku tatu Sydney, siku nne Cairns, mji wa kaskazini-mashariki mwa Australia, kwa ajili ya Great Barrier Reef, yale matumbawe makubwa ya baharini, kisha siku saba katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, tukifikia mji wa Queenstown na kwenda kuona Milford Sound, mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima mirefu. Siku nne zilizobaki ni za njiani. Je, mpango huu unatekelezeka? Mama anatembea vizuri, isipokuwa goti moja humsumbua akipanda ngazi nyingi.

Jibu la 1

Mimi ningevuka. Nauli kubwa ni ile ya kufika huko, na ukishailipa, kipande cha ziada ni kidogo ukilinganisha. Sharti langu ni moja: katika kila nchi chagua eneo moja tu, wala usirudi Sydney kuja kupanda ndege ya nyumbani. Tafuta tiketi inayokuingiza kupitia Australia na kukutoa kupitia Auckland au Christchurch. Mara nyingi bei yake haipishani sana na ile ya kwenda na kurudi mji uleule, na inakuokolea siku nzima.

Jibu la 2

Ninaheshimu maoni ya mwenzangu, lakini mimi niliwahi kuunganisha nchi hizo hizo mbili kwa wiki tatu, na nikirudi nyumbani nilihesabu kwamba siku saba zilikuwa zimeishia katika viwanja vya ndege na mabegi. Hizo saa tatu ni za hewani tu. Kuna kuamka mapema, kukabidhi chumba, kufika uwanjani saa tatu kabla, kupanga foleni ya uhamiaji, kukaguliwa mizigo, kuchukua gari jipya na kujifunza njia mpya, na juu ya yote hayo saa yako inasogezwa mbele, hivyo unafika jioni umechoka na siku imekwisha. Kwa ratiba yako hali ni nzito zaidi, kwa sababu kutoka Cairns hadi Queenstown kwa kawaida itakubidi ubadili ndege Sydney au Brisbane. Sydney hadi Cairns penyewe ni takriban saa tatu za ndege, yaani sawa na kwenda nchi nyingine. Toa siku hizo, toa na siku mbili tatu za mwanzo ambazo mwili utakuwa bado unalala mchana na kukesha usiku, kisha uniambie mama atabakiwa na asubuhi ngapi za kuamka bila haraka.

Jibu la 3

Niongeze suala la nyaraka, ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamekwisha kulipia. Ruhusa ya kuingia Australia haikupi ruhusa ya kuingia New Zealand. Kila nchi ina utaratibu wake, ada yake na muda wake wa kusubiri, na aina ya kibali hutegemea pasipoti uliyonayo. Mkiamua kurudi kupitia Sydney baada ya kutoka New Zealand, hakikisha viza yenu ya Australia inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, au muulizie mapema viza ya kupita. Pia New Zealand ni wakali sana kuhusu vyakula, mbegu na udongo: viatu vya kutembelea porini visafishwe hadi nyayo na vitajwe kwenye fomu, kwa maana hata tunda moja lililosahaulika mkobani hutozwa faini ya dola 400 za nchi hiyo papo hapo.

Jibu la 4

Kabla ya kuhesabu siku, tazama majira, kwa sababu sehemu zako mbili hazipatani vizuri kwa wakati mmoja. Kwa upande wa Cairns, Oktoba ni mwezi mwema: mvua kubwa bado, na kipindi cha konyeza, wale viumbe laini wa baharini wenye sumu kali, huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Mei. Milford Sound ni habari nyingine. Ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi duniani, zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka, na mwezi Oktoba hatari ya maporomoko ya theluji bado haijaisha, hivyo barabara inaweza kufungwa wakati wowote. Kutoka Queenstown ni kilomita 290 hivi kwa gari, takriban saa nne kwenda na saa nne kurudi. Mvua yenyewe si hasara, kwa kuwa ndiyo inayoyajaza maporomoko ya maji pande zote mbili za milima, na wengine tunaipenda Milford ikiwa imenyeshewa kuliko ikiwa na jua. Lakini barabara ikifungwa siku uliyoipangia, unahitaji siku nyingine ya akiba, na katika ratiba yako haipo.

Jambo moja limenigusa. Umeandika unachotaka wewe, ukaeleza na goti la mama, lakini hukusema mama anataka kuona nini.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru nyote, hasa ndugu wa mwisho, kwa kuwa swali lake sikuwa nimeliuliza nyumbani. Jana jioni nimemuuliza mama. Alinijibu bila kusita kwamba anataka kuyaona matumbawe na samaki wake maji yakiwa matulivu, na kwamba milima ni yangu mimi. Nimekiri kwake kwamba ni kweli. Kwa hiyo tutabaki Australia: usiku tisa Cairns, usiku tano Sydney. Milford nitaiendea peke yangu siku nyingine, katika miezi ambayo barabara haina theluji. Ninachouliza sasa ni kama mtu asiyeogelea, mwenye goti bovu, anaweza kweli kuyaona matumbawe kwa karibu.

Jibu la 1

Bado naona ungeweza kuvuka, ila kwa sababu hiyo sikupingi.

Jibu la 4

Anaweza. Kutoka Cairns kuna boti kubwa zinazopeleka watu kwenye majukwaa yanayoelea pembezoni mwa matumbawe ya nje, na hapo hutumika vyombo vyenye madirisha chini ya usawa wa maji, ambamo mtu hukaa kitini na kutazama. Uliza kabla ya kulipa ngazi za kushukia ni ngapi. Anzeni na Green Island, iliyo kilomita 27 tu kutoka Cairns na yenye boti za sakafu ya kioo, ili mama aupime mwili wake kwanza baharini. Safari ya matumbawe ya nje iwekeni mapema ndani ya zile siku tisa, si mwishoni, ili upepo ukichafua bahari muweze kuiahirisha. Na wewe ukizamia kwa mtungi wa hewa, acha angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege ya Sydney.