Hilux 3L inakunywa maji lakini chini pakavu, fundi anataka kufungua hedi. Naombeni ushauri

BintiMwaloni:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi, maana fundi ameshanipangia siku.

Nina Hilux ya zamani, injini ya dizeli ya aina ya 3L, niliachiwa na marehemu baba. Ndiyo inayobeba dagaa wangu kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga. Tangu mwezi uliopita inakula maji. Dereva akijaza rejeta asubuhi, akikaribia Hungumalwa geji ya joto imeshaanza kupanda. Anasimama, anaacha ipoe, anaongeza kama lita moja na nusu. Ajabu ni kwamba ikilala nyumbani Igoma hakuna hata tone. Nimetandika boksi chini ya injini siku tatu, halina doa.

Fundi aliitazama dakika chache tu, akasema maji yanaingia kwenye silinda, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekufa. Hela anayoitaka ni mtaji wangu wa safari tatu. Sikatai kutengeneza, gari hii ndiyo inasomesha wadogo zangu. Ila nataka niwe na hakika kwanza.

SpanaYaNyakato:
Pole sana dada. Hedi isiguswe mpaka ujue maji yanatokea wapi. Inaweza kuwa gasketi kweli, lakini gasketi ina dalili zake, na zote unaziangalia mwenyewe bila kulipa mtu.

Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, mwambie dereva awashe. Mapovu mawili matatu mwanzoni si kitu, ni hewa iliyokuwemo. Yakiendelea mfululizo kama sufuria inayochemka wakati injini bado ya baridi, hapo moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kisha chomoa stiki ya oili, angalia na chini ya kifuniko cha kujazia oili. Oili iliyochanganyika na maji inageuka rangi ya chai ya maziwa. Angalia na ekzosti: moshi mweupe wa asubuhi unaoisha gari ikipata moto ni mvuke wa kawaida, usiokwisha ndio wa kuogopa.

Na tafadhali, mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Nimeona kijana akiungua uso na kifua kwa kosa hilo hilo.

Kamanga_Dereva:
Weka manjano vijiko viwili kwenye rejeta, endesha. Mimi ilinifikisha Sengerema.

SpanaYaNyakato:
Ndugu yangu, kukufikisha ni sawa, ukiwa umekwama porini. Kuiacha humo siyo. Unga hauchagui tundu, unakwenda kuziba na vile vijia vyembamba vya rejeta, halafu gari inachemsha hata kama haivuji. Dada usifanye hivyo.

MzeeWaUsagara:
Binti yangu, mimi nimeendesha gari za mizigo miaka mingi. Kuhusu boksi kuwa kavu, lisikudanganye. Gari ikiwa imelala, maji hayana presha, hayasukumwi. Barabarani yana presha, yanatoka kidogo kidogo, yanatua kwenye chuma cha moto na kukauka hapo hapo huku feni ikipuliza. Tafuta alama yake. Kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta yanayouzwa dukani, inaacha ukoko wa rangi yake, maji matupu yanaacha ukoko mweupe au kutu.

Usiusahau mfuniko wenyewe. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, huku maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Mfuniko mzima wa Toyota hizi za zamani, ule ulioandikwa 0.9, unashika presha mpaka maji yapite nyuzi 115 ndipo yachemke. Mpira wake ukipasuka, kinga hiyo yote imepotea.

BintiMwaloni:
Shikamoo mzee, asante. Nimeangalia leo alfajiri. Mapovu hayakuendelea. Oili ni nyeusi ya kawaida. Moshi uliisha baada ya muda mfupi. Mipira ya rejeta ya juu na chini mikavu, klipu zimekaza. Ila mbele ya injini, chini ya puli ya feni, kuna michirizi ya rangi ya kutu, na mingine imerukia upande wa ndani wa kava la feni.

SpanaYaNyakato:
Hapo hapo! Hiyo ni pampu ya maji. Chini ya shingo yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi kiwandani. Sili ya ndani inayozuia maji ikichoka, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Feni imekaa kwenye shafti ya pampu hiyo, kwa hiyo zima injini, shika feni kwa mikono miwili, itikise mbele na nyuma. Halafu uniambie: mkanda uliguswa lini mara ya mwisho?

BintiMwaloni:
Inacheza, tena inagonga. Mkanda ulikazwa mwezi uliopita, tulipobadilisha alteneta. Ulikuwa unalia, fundi akaukaza sana.

SpanaYaNyakato:
Basi chanzo kimeonekana. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unavuta shafti ya pampu upande mmoja, beringi inaisha, shafti inayumba, sili inaachia. Ukifunga pampu mpya na mkanda ukabaki vile, utarudi tena hapa. Ubonyeze kwa dole gumba katikati, ushuke kama sentimita moja.

Kwa 3L kazi hii ni ya mbele tu, hedi haiguswi. Nunua pampu pamoja na gasketi yake, na mfuniko mpya wa 0.9. Rejeta isuuzwe, kisha jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, maana ina dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kuchota ziwani hayana. Wakati wa kujaza, egesha gari pua ikiangalia mlimani, mfuniko wazi, hita imefunguliwa, injini iungurume mpaka hewa yote itoke.

BintiMwaloni:
Wakuu, mrejesho. Pampu imefungwa juzi, ya zamani ninayo mkononi, shafti inacheza kama jino la mtoto. Hewa tuliitolea kwenye mteremko wa Bugando. Jana imekwenda Shinyanga na mzigo kamili na kurudi, geji haikupita katikati. Leo asubuhi nimefungua rejeta ikiwa ya baridi: maji yako pale pale shingoni. Fundi wa hedi nimempigia, nimemwambia Jumamosi asinisubiri.

MzeeWaUsagara:
Marahaba binti yangu. Mwambie dereva aangalie maji kila asubuhi wiki mbili hizi, na mkanda aubonyeze tena baada ya safari ya tatu, ukifungwa upya huwa unalegea.