Ufa kwenye metatasali ya tano: plasta au skrubu?

kocha_sebei
Habari zenu wakuu. Nina binti wa miaka 20, anakimbia mita 5,000, kambi iko Kapchorwa. Anaumwa ukingo wa nje wa wayo wa kushoto tangu tuongeze mazoezi ya miteremko. Eksirei ilitoka safi, lakini MRI aliyopigwa Kampala imeonyesha ufa kwenye metatasali ya tano, yaani mfupa mrefu wa wayo unaoelekea kidole kidogo. Daktari mmoja anasema afungwe plasta ngumu, mwingine anataka kutia skrubu. Mashindano yako miezi minne mbele. Kwa sasa anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, ili amalizie programu ya wiki. Nani asikilizwe?

fizio_mbale
Kocha, programu isimame leo, na diklofenaki nayo. Inaficha maumivu ambayo ndiyo kipimo chenu pekee kambini, na kuna shaka kwamba inachelewesha mfupa kuunga. Eksirei safi isikushangaze: ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani mpaka wiki mbili au tatu zipite.

Hao madaktari huenda hawapingani. Swali ni ufa uko sehemu gani ya mfupa. Papasa ukingo wa nje wa wayo, katikati utakuta kinundu. Kilichovunjika kikiwa kinundu chenyewe, buti gumu linatosha, anatembea kadiri anavyovumilia. Ufa ukiwa mbele kidogo, kinundu kinapoishia na shina kuanza, hapo pana damu kidogo na pagumu kuunga. Soma ripoti vizuri.

kocha_sebei
Imeandikwa ni makutano ya kinundu na shina. Ufa haujavuka mfupa mzima, na hakuna dalili ya kuwa wa zamani.

daktari_mifupa
Basi njia zote mbili ziko wazi, ila bei yake ni muda.

Bila upasuaji: plasta chini ya goti, magongo, wiki 6 hadi 8 bila kukanyaga kabisa. Si kukanyaga kidogo akienda chooni. Hapo ndipo plasta nyingi zinaposhindwa. Kisha buti, kisha eksirei au CT. Hata ikienda vizuri, kurudi mashindanoni kwa miezi minne ni bahati. Wapo ambao mfupa hauungi, wanaishia kwenye skrubu waliyoikwepa, muda umeshapotea.

Kwa skrubu: inapita ndani ya mfereji wa mfupa, ule uwazi wa katikati, kwa kawaida milimita 4.5 hadi 5.5. Muulize daktari wa upasuaji mambo mawili. Kwanza unene wake: skrubu nyembamba hupinda au kukatika. Pili urefu: nyuzi zake zote, yaani mizunguko inayong'ata mfupa, zivuke ufa, lakini isiwe ndefu mno, kwa sababu mfupa huu umejipinda na skrubu ndefu huunyoosha kwa nguvu mpaka ufa unaachama. Baada ya hapo ni takribani wiki mbili bila kukanyaga, nyuzi za kidonda zitolewe, aingie kwenye buti. Viatu vya kawaida karibu na wiki ya 6, mbio nyepesi wiki ya 8 hivi picha ikiruhusu. Hatari zake: maambukizi, na neva iliyo jirani na kidonda inaweza kuacha ganzi pembeni mwa wayo.

Kwa mwanariadha wa kiwango hicho ningechagua skrubu. Angekuwa mtu wa ofisini, ningeanza na plasta bila kusita. Na kama picha ingeonyesha ufa wa zamani, kingo zake nyeupe, ngumu, na mfereji umeziba, plasta isingekuwa na kazi tena. Hapo ni skrubu, mara nyingi na kupandikiza mfupa.

mbio_ndefu
Na aliyeumwa juu ya wayo, mbele ya kifundo?

daktari_mifupa
Ukibonyeza hapo kwa kidole kimoja na akaruka kwa maumivu, shuku ufa kwenye navikula, mfupa mdogo ulio hapo. Asikanyage mpaka apigwe MRI au CT. Ufa usiovuka mfupa: plasta wiki 6 hadi 8 bila kukanyaga. Ukivuka au vipande vikisogea: skrubu. Metatasali ya pili, ya tatu na ya nne katikati ya shina ni nyepesi zaidi, kiatu kigumu wiki 4 hadi 6 na kisu hakihitajiki.

fizio_mbale
Kocha, geuza viatu vyake vya zamani. Soli ikiwa imelika upande wa nje tu, anakanyagia ukingo, na skrubu haitabadilisha hilo. Atahitaji soli ya ndani iliyoinuliwa upande huo. Muulize pia, au dada wa kambi amuulize, kama hedhi inakuja kila mwezi. Ikikatika, mara nyingi anakula pungufu ya anachokimbia, na posho (ugali) na maharagwe mara mbili kwa siku hayatoshi kwa kilomita hizo. Ongeza maziwa, mukene (dagaa) na mayai, apimwe vitamini D.

Akiruhusiwa: atembee dakika 30 bila maumivu, aruke kwa mguu mmoja bila maumivu, ndipo aanze dakika moja mbio, moja kutembea, siku moja ndiyo moja hapana, kwenye nyasi tambarare. Miteremko na spaiki, viatu vya misumari, ziwe za mwisho.

kocha_sebei
Asanteni sana. Skrubu itatolewa lini?

daktari_mifupa
Isitolewe akiwa bado anashindana, isipokuwa kichwa cha skrubu kinamchoma kwenye kiatu. Ikitoka mapema, mfupa huweza kuvunjika palepale.