Kotisoli ni ya kawaida lakini tumbo linasokota: tumweleze nini mgonjwa wa IBS?

MuuguziKliniki
Wakuu, habari za leo. Naandaa maelezo ya kuwapa wagonjwa wa IBS, yaani utumbo nyeti unaouma na kuvuruga choo. Baadhi wanakuja na majibu ya kotisoli, yote ya kawaida, kisha wanauliza: kama homoni ya msongo haijapanda, mbona haja inanibana kila nikiwa na mtihani au safari? Na kwa nini asubuhi zaidi? Naomba hatua za kufanya, maana "punguza mawazo" peke yake haimsaidii mtu.

Tabibu_wa_Tumbo
Kipimo hicho hakigusi penye tatizo. Msongo ukiingia, ubongo hutoa homoni ya CRH. Hiyo huiamsha tezi ya pituitari itoe ACTH, nayo ACTH huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli. Kotisoli ni ya mwisho kwenye foleni. Inayokoroga tumbo ni CRH yenyewe, kwa sababu utumbo mpana una vipokezi vyake na hata hutengeneza CRH yake papo hapo. Tumbo la juu linachelewa kumwaga chakula, utumbo mpana unakimbiza. Ndiyo maana mtu ana kichefuchefu na haja inambana kwa wakati mmoja. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walidunga watu CRH, na utumbo mpana wa wenye IBS ulijikunja zaidi kuliko wa wazima. CRH huchokoza pia seli za kinga kwenye ukuta wa utumbo zimwage histamini, neva zikawa nyepesi kuhisi. Gesi ambayo wewe huisikii, yeye inamuuma kweli. Tafadhali mwambie hivyo waziwazi.

Asubuhi kotisoli hupanda ndani ya nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka, na utumbo mpana uliolala usiku kucha huamka saa hizo hizo. Chai ikishuka, tumbo linautuma utumbo mpana ujikunje. Ongeza hofu ya kukosa basi. Basi aamke saa moja na nusu kabla ya kutoka, ale kidogo, aende chooni bila haraka.

Pumzi: mkono kwenye kitovu, avute kwa hesabu ya 4, atoe kwa hesabu ya 6. Dakika 10, mara 2 kwa siku. Wengi hukosea kwa kuinua kifua badala ya tumbo, au kwa kusubiri maumivu ndipo waanze.

Lishe_Jikoni
Naongezea chakula. Wiki 4 aache vitunguu maji, vitunguu saumu, maharage, ngano, maziwa, embe na tikiti maji. Abaki na wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, karoti, samaki, mayai, machungwa. Kisha arudishe kimoja kimoja, siku 3 kila kimoja, akiandika. Kosa kubwa ni kutorudisha kabisa. Mtu anakonda bure.

Kitunguu kinachotolewa kwenye mchuzi baada ya kuchemka hakisaidii, sukari yake inayoleta gesi imeshayeyuka majini. Ila haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vya saumu, vitoe vyote, ndipo utie nyanya na maji. Ladha inabaki.

Mfamasia_Zamu
Wengi wanapewa metronidazole kila mwezi kwa jina la "amiba sugu" bila kupima choo. Dada muuguzi, pima kwanza. Choo kikiwa safi, dawa hiyo haina kazi. Kwa wanaoharisha na kuumwa, amitriptyline (dawa ya sonona, hapa kwa dozi ndogo) 10 mg usiku, daktari akiipandisha taratibu hadi 30 mg, ilisaidia katika utafiti wa Uingereza wa 2023. Hukausha mdomo na kufunga choo, kwa hiyo asiyepata choo vizuri azungumze na daktari kwanza.

Wasisubiri hata siku moja kumwona daktari: damu kwenye choo, kukonda, homa, upungufu wa damu, dalili zilizoanza baada ya miaka 50, au kuharisha kunakomwamsha usingizini. IBS kwa kawaida hulala mgonjwa akilala.

MuuguziKliniki
Asanteni sana. Isabgol je, ile nyuzinyuzi ya unga ya kulainisha choo, achanganye na uji?

Lishe_Jikoni
Hapana, inaganda. Kijiko 1 cha chai kwenye glasi ya maji, anywe hapo hapo, afuatishe glasi nyingine. Aongeze kijiko kila wiki hadi 2 au 3. Akianza na vingi, gesi itamtesa na ataiacha. Pumba za ngano zisiwe mbadala, zinazidisha.